Kanga Hazai Ugenini: Somo la Kufuga Kanga Nyumbani

Wazee wetu walisema: kanga hazai ugenini. Methali hii tunaijua sote. Tunaitumia kumwonya mtu anayehamahama asitulie mahali. Lakini leo tutaisoma kama ilivyo, maana inamhusu kanga mwenyewe. Mtu akitaka kufuga kanga, ni lazima kwanza amfanye kanga asijione mgeni.

Somo hili tumeliandika kwa sababu ya jambo lililotokea katika darasa moja la kisomo, huku Kanda ya Ziwa. Darasa hilo lilikuwa na akina mama 14. Walipokwisha kujua kusoma na kuandika walianzisha mfuko wao, kila mmoja akichanga kidogo kidogo. Mwezi wa Septemba wakanunua kanga 8, majike 6 na madume 2. Mwezi wa Desemba walikuwa na vifaranga 24. Wiki moja na nusu baadaye vifaranga waliobaki walikuwa 5 tu.

Vifaranga 19 walikwenda wapi? Tutaeleza. Lakini kwanza tumfahamu ndege mwenyewe.

1. KANGA NI NDEGE GANI?

Kanga ni ndege wa Afrika. Huyu tunayemfuga ni ndugu yake yule yule tunayemwona porini, mwenye manyoya meusi ya kijivu na madoa meupe, kichwa kisicho na manyoya, na kipembe kigumu juu ya utosi. Wazee wa Pwani husimulia kwamba hata lile vazi la akina mama liliitwa kanga kwa sababu zile za zamani zilikuwa na madoa kama ya ndege huyu.

Kule Afrika Magharibi, katika nchi kama Ghana na Burkina Faso, kufuga kanga vijijini ni jambo la kawaida kama kwetu kufuga kuku.

Faida za kanga ni nyingi. Nyama yake ni tamu, na haina mafuta mengi. Yai lake ni dogo kuliko la kuku wa kisasa, lakini ganda lake ni gumu, halivunjiki ovyo, na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kanga hula panzi, kupe, mchwa na mbegu za magugu. Hafukui sana kama kuku. Tena ni mlinzi. Akiona nyoka, mwewe au mtu mgeni, atapiga kelele mpaka mji mzima uamke.

Lakini tusidanganyane. Kelele hizo hizo zinaweza kukugombanisha na jirani. Na kanga hutembea mbali. Akiingia shamba la jirani wakati mbegu ndiyo kwanza zimepandwa, atazila. Kwa hiyo kabla ya kununua kanga, zungumza na majirani. Na kama una ng'ombe, usiache kuwapeleka josho eti kwa sababu kanga wanakula kupe. Kanga hupunguza kupe wa chini, hawezi kuwamaliza.

2. SHERIA KWANZA

Kanga wa porini ni nyara ya taifa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wamo humo. Kuna watu husema, "Mayai ya porini ni ya bure, nenda kachukue, uyalalishe kuku wako." Ndugu msomaji, ushauri huo usiusikilize. Utapata kesi badala ya kitoweo. Zaidi ya hayo, kanga wa porini ana woga mwingi. Hata akianguliwa nyumbani, akikua mara nyingi huondoka.

Fanya hivi. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, mweleze kwamba unataka kufuga kanga, ukamwulize utaratibu na kibali. Kisha nunua kanga kwa mfugaji anayefuga kihalali. Akuandikie hati ya kuuziana: jina lake, jina lako, idadi ya kanga, tarehe na saini. Karatasi hiyo iweke pamoja na kibali chako. Siku ukiulizwa, "Kanga hawa umewatoa wapi?" utajibu kwa karatasi. Hii ndiyo moja ya faida za kujua kusoma na kuandika.

3. KUMFANYA KANGA ASIJIONE MGENI

Kanga mkubwa akiletwa leo na kufunguliwa leo, kesho humwoni. Atarudi alikotoka au atapotelea porini. Kwa hiyo jenga banda kabla ya kumleta.

Banda la mita 2 kwa mita 2 linatosha kanga 10. Kuta ziwe za fito na udongo, au matofali, na sehemu ya juu iwe ya wavu ili hewa ipite. Paa lisivuje. Ndani weka fito za kulalia, juu kiasi cha kifua cha mtu, kwa maana kanga hapendi kulala chini. Mlango ufunge vizuri. Vicheche, paka mwitu na nguchiro hawahitaji tundu kubwa.

Wafungie kanga wako humo kwa wiki sita. Wape chakula na maji humo humo. Kila jioni, saa ile ile, gonga debe au kopo kuukuu, halafu uwatupie mtama au ulezi kidogo. Fanya hivyo kila siku bila kukosa. Baada ya wiki sita, wafungulie wachache jioni, saa moja kabla ya giza. Wenzao waliobaki ndani watawaita. Ukigonga debe watarudi. Siku chache baadaye wafungulie wote.

Kama banda liko jirani na miti mirefu, punguza manyoya marefu ya bawa moja tu. Bawa moja likiwa fupi kanga hawezi kuruka juu sana. Manyoya yataota tena, kwa hiyo utarudia.

4. DUME NI YUPI, JIKE NI YUPI?

Hapa wengi hudanganywa sokoni. Dume na jike wa kanga wanafanana sana. Kuna njia mbili za kuwatambua.

Ya kwanza ni sauti. Jike ana mlio wa vipande viwili, chini kisha juu, anaourudia rudia. Dume hana mlio huo kabisa. Mlio wake ni wa kipande kimoja, mkali, wa haraka. Lakini jike naye akishtuka anaweza kulia kama dume. Kwa hiyo ukisikia vipande viwili, huyo ni jike bila shaka. Ukisikia kipande kimoja, usikate shauri upesi, subiri.

Ya pili ni vile vinyama vyekundu vinavyoning'inia mashavuni. Vya dume ni vikubwa, vinene, na vimejikunja kama kijiko. Vya jike ni vidogo na vimelala. Tofauti hii huonekana vizuri kanga akipita miezi mitatu.

Dume mmoja anatosha majike wanne au watano. Akina mama wetu walikuwa na madume 2 kwa majike 6. Hapo walifanya vema.

5. MAYAI NA KUATAMIA

Kanga huanza kutaga akiwa na umri wa miezi saba au minane hivi. Hutaga zaidi wakati wa mvua, maana wadudu na majani yamejaa. Jike anayelishwa vizuri, na ambaye mayai yake yanaokotwa, anaweza kutaga mayai 50 hadi 100 kwa mwaka.

Kanga hupenda kuficha kiota. Majike kadhaa hutaga mahali pamoja, kwenye nyasi au chini ya kichaka. Dawa yake ni kuwafungia asubuhi. Wengi hutaga kabla ya saa sita au saa saba mchana. Ukiwafungulia baada ya hapo, mayai yatakuwa bandani. Katika pembe moja yenye kigiza weka nyasi kavu. Unapookota mayai, usimalize yote, acha matano au sita kiotani ili wasihame. Wafugaji wengi huchota mayai kwa upawa badala ya mkono.

Andika tarehe kwenye kila yai kwa penseli. Yahifadhi mahali penye ubaridi na pasipo jua, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Mayai ya kuangulia yasizidi siku saba au kumi. Yaliyozidi, kuleni.

Kanga jike si mama mwangalifu. Huwapitisha watoto kwenye majani marefu yenye maji, na anayechoka huachwa nyuma. Ni bora zaidi kumtumia kuku wa kienyeji aliyekwisha kulalia. Kuku mmoja mwekee mayai 15 hivi ya kanga.

Jambo moja muhimu sana. USICHANGANYE mayai ya kanga na ya kuku. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Yai la kanga huanguliwa kati ya siku ya 26 na ya 28. Ukichanganya, vifaranga wa kuku watatoka kwanza, mama atainuka nao, na mayai ya kanga yatapoa na kufa.

Siku ya 10 pima mayai kwa tochi, usiku. Yai lililo hai lina kivuli na mishipa ndani. Lisilo na kitu huwa jeupe. Liondoe.

6. VIFARANGA WALIKWENDA WAPI?

Sasa turudi kwa akina mama wetu.

Tarehe 20 Novemba walilalisha kuku wawili, kila mmoja mayai 15. Yote ni mayai 30. Vifaranga wakatoka 24. Darasa zima lilifurahi. Nasi tulifurahi. Wakatuuliza: "Sasa tuwafanye nini?" Tukajibu, bila kufikiri sana, "Waacheni na mama zao kama vifaranga wa kuku. Mama anajua."

Siku ya tisa asubuhi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kuku wakafunguliwa mapema wakaingia kwenye nyasi pamoja na watoto. Jioni vifaranga sita walikuwa wamekufa. Kesho yake wanane. Keshokutwa watano. Walikufa wakiwa wamekusanyika pamoja, mabawa yameshuka, macho yamefumba.

Basi, maneno yakaanza. Karibu na banda anaishi bibi mmoja, mjane, naye ni mwanakisomo mwenzao. Ndiye aliyekuwa akiwamwagia kanga maji wakati wenzake wako shambani. Mtu mmoja akasema bibi huyu ana jicho baya. Wa pili akasema hata ng'ombe wa fulani walikufa baada ya yeye kupita. Baada ya siku tatu bibi hakuonekana tena darasani. Wajukuu wake wakawa hawatumwi dukani.

Ndugu wasomaji, sisi wa kanda hii tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Wako wazee waliouawa katika vijiji vyetu kwa maneno kama hayo hayo, eti kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Tulimwita Bwana Mifugo wa kata. Alipofika alifanya mambo matatu. Alipasua kifaranga mmoja mbele ya watu wote. Alishika wale watano waliokuwa hai akawaweka mkononi mwa kila mama ili aone walivyo baridi. Kisha akauliza, "Asubuhi walikuwa wapi?" Wakamwonyesha nyasi. Akatembea humo, akarudi suruali yake imelowa mpaka magotini. Akasema, "Mwuaji wenu ndiye huyu," akakamua suruali.

Sababu ni hii. Kifaranga wa kanga hana manyoya ya kweli, ana malaika tu. Malaika yakilowa hayatunzi joto. Kifaranga akipata baridi huacha kula, hujikusanya na wenzake, wanakanyagana, wanakufa. Kifaranga wa kuku naye huumia kwa baridi, lakini wa kanga huumia upesi zaidi. Umande peke yake unatosha kumwua.

Basi tulisimama mbele ya darasa, tukasema wazi: "Kosa ni letu. Tuliwaambia muwaache na mama zao. Bibi hana kosa." Haikuwa rahisi. Mwalimu hapendi kusema kwamba alifundisha vibaya. Lakini kunyamaza kungekuwa kumwachia mwingine mzigo wetu.

7. WIKI SITA ZA HATARI

Kwa hiyo shika mambo haya kwa ajili ya vifaranga.

(a) Joto. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 35 hivi. Kila wiki punguza kama nyuzi 3. Kama huna kipimo cha joto, watazame wenyewe. Wakijikusanya mahali pamoja na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, wana joto. Wakitawanyika vizuri wakila, mambo ni sawa.

Zungushia mkeka mviringo chumbani, pasiwe na pembe za kukanyagana. Katikati weka chungu chenye makaa yaliyofunikwa na majivu, juu yake chungu kingine kilichopinduliwa ili wasiungue. Au tumia kandili. Wengine wana taa za sola. Taa za sola zina mwanga mzuri wa kusomea, lakini joto hazina. Usizitegemee kwa vifaranga.

ONYO: Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Chumba kiwe na dirisha wazi. Mtu asilale katika chumba chenye makaa. Watu wamekufa kwa njia hiyo.

(b) Sakafu. Siku za kwanza tandika gunia kavu. Usitandike karatasi laini au nailoni, maana miguu yao huteleza ikatanuka na kulemaa. Baadaye tandika maranda au makapi makavu. Yakilowa yabadilishe.

(c) Maji. Weka katika kisosi chenye kokoto ndani yake. Kifaranga anywe katikati ya kokoto. Bila kokoto ataingia, atalowa, na anaweza kuzama.

(d) Kutoka nje. Wasitoke kabla ya wiki sita. Baada ya hapo watoke wakati umande umekwisha kukauka, kama saa nne asubuhi, na siku za mvua wakae ndani.

8. CHAKULA

Kifaranga wa kanga anahitaji chakula cha kujenga mwili kuliko wa kuku. Pumba tupu haitoshi. Kama hakuna chakula cha duka, changanya mwenyewe kilo 10 hivi:

Mahindi yaliyoparazwa: kilo 4
Mashudu ya alizeti: kilo 2
Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 2
Dagaa waliosagwa: kilo 1 na nusu
Pumba laini: robo kilo
Unga wa mifupa: robo kilo

Soya mbichi ina madhara, ni lazima ikaangwe. Chumvi usiongeze, dagaa wanayo. Mahindi yenye ukungu usitumie hata kidogo. Ukungu una sumukuvu, na sumukuvu huua ndege na kudhuru watu.

Ongeza mchicha uliokatwa vipande vidogo sana. Na mchwa. Namna ya kupata mchwa ni rahisi. Chukua chungu kikuukuu, jaza samadi kavu na majani makavu, nyunyizia maji, kipindue juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi mapema kimejaa. Kung'uta mbele ya vifaranga.

Kanga wakubwa hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chao. Wape nafaka kidogo jioni, na maji safi siku zote. Wasipite katika shamba la pamba au mboga lililopigwa dawa.

9. MAGONJWA

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huwapata kanga pia. Kanga huvumilia kuliko kuku, lakini anaweza kuwaambukiza kuku wako. Kwa hiyo wote wachanjwe pamoja. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Tanzania, Kibaha. Ni tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila miezi mitatu. Afadhali kijiji kizima kichanje siku moja. Mwulizeni Bwana Mifugo.

Kuhara damu huja pale banda linapokuwa na unyevu. Minyoo huja pale ndege wanapokaa mahali pamoja muda mrefu. Fagia banda, badilisha matandiko, na upate dawa kwa Bwana Mifugo kwa kipimo chake. Ndege mgeni akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Aliyekufa kwa ugonjwa mzike au mchome. Usimle, usimtupe kichakani.

10. DAFTARI NA MSIMU WA PILI

Mwezi wa Machi, akina mama walijadiliana kama wajaribu tena au wauze kanga. Kura zilipigwa. Kumi wakasema wajaribu, wanne wakasema wauze. Ikabaki kazi moja: vifaranga watatunzwa wapi? Palihitajika chumba kikavu, chenye joto na dirisha. Nyumba iliyofaa ilikuwa moja, nayo ni jiko la yule bibi.

Walikwenda kwake wote, si mjumbe mmoja. Yule aliyetoa neno la kwanza ndiye aliyetangulia kuomba radhi. Bibi aliwasikiliza, akawaacha wakae kimya muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Haya. Lakini kila kitu kiandikwe. Safari hii akifa kifaranga, isemwe siku, saa, na hali ya hewa. Asiandikwe mtu."

Basi wakanunua daftari la kurasa 96. Bibi mwenyewe ndiye mwandishi. Tumeliona. Herufi zake ni kubwa, nyingine zimepinda, lakini zinasomeka. Ukurasa mmoja unasema: "Jumatatu. Mvua asubuhi. Hawakutoka. Wote 25 wazima." Ukurasa mwingine: "Alhamisi. Mmoja kazama maji. Kokoto zilitolewa kuoshwa hazikurudishwa."

Kati ya mayai 30 walitoka vifaranga 25. Walipotimiza wiki nane walikuwa hai 20. Watano walikufa, na kwa kila mmoja sababu imeandikwa. Hakuna jina la mtu.

Daftari lako liwe na mistari mitano: tarehe, mayai yaliyookotwa, vifaranga walioanguliwa, waliokufa na sababu, fedha zilizoingia na zilizotoka. Mfugaji asiye na daftari hajui kama anapata au anapoteza. Na kijiji kisichotafuta sababu ya jambo kitatafuta mtu wa kulaumiwa.

HESABU

Kuku walilalishwa tarehe 20 Novemba. Vifaranga watatoka lini? Novemba ina siku 30. Toa 20, zinabaki 10. Siku za kuatamia ni 28 kwa wingi. Toa 10, zinabaki 18. Basi ifikapo tarehe 18 Desemba wote wawe wametoka.

MANENO MAGUMU

Kuatamia: kulalia mayai mpaka yaanguliwe.
Malaika: vinyweleo laini vya kifaranga kabla ya kuota manyoya.
Mashudu: makapi ya mbegu baada ya kukamuliwa mafuta.
Nyara: hapa, wanyama na ndege wa porini walio mali ya taifa.
Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu wa nafaka.

MASWALI

1. Kwa nini mayai ya kanga yasichanganywe na ya kuku?
2. Kuku akilalishwa mayai ya kanga tarehe 12 Machi, vifaranga wataanza kutoka tarehe gani, na mwisho tarehe gani?
3. Msimu wa kwanza mayai yalikuwa 30, vifaranga 24, waliobaki 5. Msimu wa pili mayai 30, vifaranga 25, waliobaki 20. Katika kila vifaranga 100, wangebaki wangapi kwa msimu wa pili?
4. Methali "kanga hazai ugenini" ina mafunzo gani kwa mfugaji?

YA KUJADILIANA DARASANI

Mifugo ikifa katika kijiji chenu, watu huuliza kwanza "nini kimewaua?" au "nani amewaua?" Kuna tofauti gani kati ya maswali hayo mawili? Someni sehemu ya 6 kwa sauti, kisha kila mmoja aseme. Wazee waanze.

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya somo lijalo kila mmoja apige mistari mitano katika daftari lake kama tulivyoeleza. Asiye na kanga aandike kuku. Asiye na kuku aandike mvua: siku iliyonyesha na siku isiyonyesha. Siku moja mwenzako atakuja kukuuliza.